Muulize Anko: Aliyedondosha hela muache aende, tapeli ni yule aliyesimama na wewe

Toleo lililopita nilimjibu kijana mmoja aliyeuziwa mche wa sabuni ndani ya boksi la simu pale Kariakoo, nikajua yameisha, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimeingia mpaka mhariri kaniuliza hivi wasomaji wetu wote mmepigwa au? Basi leo ukurasa mzima ni utapeli wa barabarani, ule wa uso kwa uso, mtu anakusalimia vizuri na dakika ishirini baadae huna simu. Ya mikopo ya kwenye simu na magrupu ya kupanda hela yatapata siku yake, msinitumie kwanza. Majina nimeyatoa, na baadhi ya meseji nimezifupisha maana kuna mtu kaandika kama anaandika wosia.

Anko shikamoo. Mimi ni dada wa Mbagala, nauza nguo za watoto. Nilienda Kariakoo kufuata mzigo, nikashuka Gerezani nikawa natembea kuelekea Msimbazi, kaka mmoja akanipita mbio akadondosha mfuko mweusi umefungwa rababendi. Kabla sijafungua mdomo mama mmoja mtu mzima, kajifunga kanga vizuri tu, akauokota akaniambia mwanangu umeona, nyamaza, hii riziki tutagawana. Nikamwambia mama tumuite mwenyewe, akasema yule mwizi, angekuwa mtu mwema asingekimbia. Tukaingia kichochoroni akanionyesha kwa juu, ni noti za elfu kumi. Akauficha nyuma ya gunia la taka. Mara yule kaka karudi analia, ni hela ya bosi wake, kuna mtu kamwambia waliookota ni wanawake wawili, anaomba twende mmoja mmoja mpaka dukani kwa bosi tukahojiwe. Mama akatangulia, akaniachia kikapu chake nimshikie, ndani kuna nyanya, kanga na kipochi cha hela. Akarudi anacheka, akasema wameniachia, nenda na wewe mwanangu, wasijue tu, niachie mkoba wako kama nilivyokuachia kikapu. Nikamwachia simu na laki tatu na nusu ya mzigo. Kufika kona yule kaka akasema nisubiri hapa namuita bosi, hakurudi. Nilivyorudi kichochoroni mama hayupo, mfuko upo, juu elfu kumi moja ya fotokopi, chini karatasi za daftari. Mume wangu anasema ni tamaa, mama mkwe anasema chuma ulete, mimi najiuliza kama walinipuliza dawa. Anko, ni nini hiki?

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Naanza na mumeo. Mwambie Anko anauliza, tamaa gani hiyo ya mtu ambaye neno lake la kwanza lilikuwa "tumuite mwenyewe"? Watu wakisikia kisa kama chako wanakimbilia tamaa kwa sababu inawapa usingizi, wanajiona wao hawana tamaa kwa hiyo hawapigwi, halafu mwezi unaofuata wananiandikia wao. Kwa meseji ninazosoma hapa wengi mmeponzwa na adabu. Mtu mzima kakuita mwanangu, umemwamkia, kaitikia, kakushika mkono, sasa unaanzia wapi kumwambia niache? Matapeli wanaijua hiyo kuliko tunavyoijua sisi, ndiyo maana hawakukutumia kijana mwenye macho mekundu, wamekutumia mama mwenye kikapu cha nyanya.

Na mchezo wote uko kwenye kile kikapu. Hebu kumbuka, alikuamini yeye kwanza. Ungeweza kutoroka na kipochi chake na hukutoroka, akarudi akakukuta umesimama palepale, mkacheka wote. Zamu yako ilipofika, kumnyima mkoba ingekuwa sawa na kumwambia mama wa watu wewe ni mwizi, na wewe hukulelewa hivyo. Hapo hakuna dawa iliyopulizwa. Kakukopesha uaminifu wa nyanya, akaja kukudai laki tatu na nusu.

Kingine angalia nani alifanya nini. Aliyedondosha kazi yake ni kudondosha na kulia, ukimchunguza vizuri hajakugusa, hajakuomba kitu. Aliyekumaliza ni yule wa upande wako, aliyekuwa anahangaika pamoja na wewe, aliyekuwa anaficha mfuko pamoja na wewe. Wote siku hizi tumeshajifunza kumwogopa mtu anayetuomba hela, lakini nani amefundishwa kumwogopa anayetusaidia kubishana na huyo anayeomba? Dada, kila kisa utakachosoma hapo chini nakuomba umtafute huyu mtu wa pili, yupo karibu kila mahali, mara ni mteja mwenzio, mara ni sonara, mara ni abiria aliyekaa jirani.

Ila kuhusu dawa sitaki kukudanganya. Watu kuleweshwa kwenye mabasi ya mikoani ni kitu cha kweli kabisa, unapewa biskuti au juisi na jirani mchangamfu, unaamkia hospitali huna begi, na hiyo inaweza kuua, kwa hiyo msile wala kunywa kitu cha mtu msiyemjua safarini, na soda iliyofunguliwa usiirudie kama ulienda kujisaidia ukaiacha kwenye siti. Lakini ya kupuliziwa unga barabarani ukamfuata mtu kama kondoo, hapana, wengi wanaoniambia hivyo nikiwauliza pole pole wanakumbuka kila neno walilozungumza, kama wewe ulivyokumbuka mpaka nyanya. Aliyeleweshwa hakumbuki nyanya. Kinachokufanya ujione ulikuwa usingizini ni haraka tu, mambo yanakuja matatu matatu, huyu analia, huyu anakunong'oneza, mfuko uko nyuma ya gunia, mtu anaweza kutokea saa yoyote, kichwa hakipati hata sekunde ya kujiuliza hivi mimi namjua huyu mama?

Siku nyingine kitu kikidondoka mbele yako ongea kwa sauti, "wee kaka umedondosha!", ile sauti ya konda kabisa. Mchezo wao unataka kichochoro na kunong'ona, ukipaza sauti watu kumi wakageuka, mama anaukumbatia mfuko wake anaenda zake. Na ukiona uvivu kupiga kelele, pita. Hudaiwi maelezo na mtu, huhitaji hata kusema samahani nina haraka.

Simu uliyoibiwa fanya leo hii, kopa simu ya jirani piga 100 huduma kwa wateja, laini ifungwe na akaunti ya pesa isimamishwe, usisubiri mpaka upate hela ya simu mpya. Halafu kituo cha polisi ukachukue RB, ile namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao. Najua unaona aibu kwa sababu itabidi useme mlitaka kugawana, na wao wamekuingiza kwenye kugawana makusudi ili uone hiyo aibu. Sema kama ilivyotokea.

Anko mambo, mimi kijana wa Manzese. Kuna jamaa wanacheza karata tatu karibu na kijiwe chetu cha boda. Nimewaangalia sana mpaka nimeujua mchezo, kuna karata moja nyekundu na nyeusi mbili, jana nikaona kabisa mchezaji mmoja kakunja kona ya ile nyekundu wakati mwenye karata anaangalia pembeni, na akashinda elfu ishirini. Nikiingia na elfu hamsini mara moja tu, nikafuata ile kona, nitapigwa kweli?

Poa sana, na jibu ni ndiyo, utapigwa, na ile kona ndiyo itakayokupiga.

Mwenye karata anashika mbili kwenye mkono mmoja, moja juu moja chini, anakuonyesha nyekundu iko chini, halafu anarusha. Macho yako yanajua ya kwanza kuanguka ni ya chini, kumbe vidole vimeachia ya juu. Akifanya taratibu unaweza kukiona, akifanya na maneno yake ya "weka ushinde, weka ushinde" hukioni. Sasa kuhusu kona, aliyekunja ni wa kwao, alikunjia wewe uone. Ukishaweka hamsini yako, yule mwenye karata wakati anazichanganya anainyoosha ile kona kwa kidole na kuikunja nyingine, basi, wewe unaichagua kwa kujiamini kabisa karata nyeusi iliyokunjwa.

Tuseme hata bahati imekuangukia umegusa nyekundu. Kuna mchezaji mwingine atakuwa ameshaweka laki moja juu ya karata nyingine kabla yako, na mwenye karata anasema anapokea dau kubwa tu, yako anakurudishia. Au mtu anapiga mluzi, "wanakuja!", boksi linapigwa teke, karata na hela zimeondoka, wewe umebaki unaangalia boksi. Unadhani kwa nini wanachezea juu ya boksi na si meza?

Na hao unaowaona wanashinda wanashinda kwa mzunguko, hela inatoka mfuko huu inaingia huu. Ndugu zetu wa Nairobi wanaita pata potea, nayo ni karata hizo hizo, vidole hivyo hivyo. Elfu hamsini weka mafuta.

Kijana wangu, salaam. Mimi ni mstaafu, naishi Songea. Nilimpa kijana mmoja wa kwenye mwavuli anisajilie laini ya mjukuu, akaniwekesha kidole mara nne akidai mashine haisomi vidole vya wazee. Sasa napigiwa simu na watu nisiowafahamu wakinidai hela, wanasema namba iliyowatapeli imetoa jina langu. Nimefanya kosa gani?

Shikamoo mzee wangu. Hujafanya kosa lolote, na uzuri wa uongo aliokupa ni kwamba nusu yake ni kweli, vidole vya wazee, vya wakulima na vya mafundi ujenzi vinasumbua mashine kweli, kwa hiyo akisema weka tena mtu unaweka. Ila kila "weka tena" inaweza kuwa laini nyingine anaisajili kwa jina lako. Tangu Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, mtu anayetaka kutapeli kwa simu anahitaji kidole cha mtu mwingine, na anakitafuta barabarani. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" nyingi zinatoka kwenye laini za watu waliowekeshwa vidole kama wewe, jina likija la mstaafu wa Songea anayetumiwa anatulia.

Naomba mzee wangu, au mjukuu akusaidie, mpige *106# mfuate maelekezo, italeta namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta namba huijui usiipigie kugombana nao. Nenda duka lenyewe la kampuni husika, si mwavuli, na kitambulisho chako, waambie hii si yangu ifungeni, na uwaombe maandishi. Kisha polisi wa hapo Songea wakuandikie, ili akitokea mtu mwingine anadai uwe na karatasi ya kumuonyesha. Wale wanaokupigia wasikuudhi sana, nao wamelizwa, waambie watume neno UTAPELI kwenda 15040 halafu wafuate maelekezo waitaje ile namba, hiyo ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa kazi hiyo hiyo.

Na wewe unayesoma hii ukiwa kwenye foleni ya mwavuli, kidole kikikataa mara ya pili funga safari ya dukani, nauli ni ndogo kuliko kesi.

Anko, mimi niko Mwanza, nafanya biashara ya dagaa. Nimekutana na jamaa stendi, Kiswahili chake kibovu, anasema katoka machimbo Geita ana vipande vya dhahabu kaficha, hajui bei, anataka nauli tu arudi kwao. Kaka mmoja aliyekuwa ananunua vocha hapo akasikia, akasema anamjua sonara, tukaenda, sonara akaweka tindikali akasema ni yenyewe, thamani milioni sita. Huyo kaka kasema tuchange, mimi milioni moja na laki mbili, yeye iliyobaki. Tunakutana Jumamosi. Naombeni ushauri haraka.

Usiende.

Nimekuweka hapa katikati kwa sababu nimeshakujibu kwa simu, lakini wengine wajue. Hesabu na mimi: dhahabu kaleta nani? Wao. Aliyetokea kununua vocha nani? Wa kwao. Sonara kachaguliwa na nani, tindikali katoa kwenye chupa ya nani? Kipande walichopima ndicho utakachokabidhiwa Jumamosi? Katika hadithi nzima kitu pekee ambacho si chao ni milioni moja na laki mbili. Hata yule kaka "atakayechanga iliyobaki" atakuja na burungutu lake akalitoa mbele yako bila kinyongo, lile ndilo kikapu cha nyanya cha yule mama wa Kariakoo.

Na huyo bwana wa Kiswahili kibovu asikupe huruma. Geita soko la madini lipo tangu Machi 2019, mchimbaji anapeleka mzigo unapimwa, anajua bei kuliko wewe na mimi. Mtu aliyechimba kwa jasho hadi akapata hakosi mtu wa kumwambia gramu inauzwaje. Kama bado roho inakusuta, mwambie tukutane sokoni penyewe, dhahabu ipimwe na watu wa pale. Hatakuja, na simu yake haitapatikana.

Shikamoo Anko. Nauza duka la mangi fulani, Tabata. Alikuja kaka kanunua soda ya buku, kanipa elfu kumi, nikamrudishia elfu tisa. Akasema aah kumbe ninayo buku, nirudishie elfu kumi yangu nikupe chenji yako. Tukabadilishana, kila kitu sawa. Halafu sijui ikawaje, jioni hesabu imepungua elfu kumi kamili. Bosi kanikata.

Marahaba mdogo wangu. Hiyo "sijui ikawaje" yako ni hapa. Ulipompa elfu kumi yake, akakupa elfu tisa yako na buku ya soda, una elfu kumi mkononi na ni yako yote, mmemalizana. Kabla hujaiweka kwenye droo akakuambia, "Si unayo elfu kumi hapo mkononi? Chukua na hii elfu kumi, nipe noti mbili za elfu kumi mpya, nampelekea mtu harusini", au neno lingine la namna hiyo. Ukapokea moja ukatoa mbili. Ile ya mkononi ulikuwa unamuhesabia yeye na wakati ni ya duka. Na naweka dau, wakati huo huo kuna mtu mwingine alikuwa pembeni anauliza mkate shilingi ngapi, dada, mkate shilingi ngapi, mbona hunijibu?

Dawa yake ni uzito wa mkono tu. Hela iliyokwisha kazi inaingia kwenye droo na droo inafungwa ndipo unasikiliza jambo linalofuata, hata aseme una dharau. Mteja wa mkate asubiri. Noti ya elfu kumi ya mteja iache juu ya meza, tembo akiangalia juu wote mnaiona, mpaka achukue chenji aondoke. Na mwambie bosi wako, kwa heshima, kwamba kukukata elfu kumi yote kwa mchezo unaowapiga hata wenye maduka miaka yote si haki, ikishindikana mlipane nusu nusu.

Anko, mimi ni mama mtu mzima, kila nikipita nje ya hospitali kuna watu wana vyeti vya dawa wanaomba hela, mwingine ana bandeji, mwingine anasema kaishiwa nauli ya Morogoro. Nimeshasikia wengi ni waongo. Lakini nisipotoa sina amani. Nifanyeje?

Shikamoo mama. Sitakuambia uache kutoa, na asikuambie mtu. Wapo waongo na wapo waliokwama kweli kweli, na usoni huwezi kuwatofautisha, mimi siwezi. Ninachofanya mtu akinionyesha cheti ni kumwambia twende duka la dawa hapo tukanunue, nalipa mimi kwa muuzaji. Wa nauli, twende kwenye basi nimlipe konda. Aliyekwama kweli anafurahi mpaka anakubebea mzigo. Mwingine ataanza, aah duka hilo halina, nipe tu nitanunua huko kwetu, basi unamtakia heri unaondoka ukiwa na amani yako. Wapo wanaorudi kuiuza ile dawa, najua, lakini hapo mama utakuwa umeshatimiza lako. Cha kuangalia kimoja tu, usifungue pochi yenye hela zote hadharani, ya sadaka itoe nyumbani ikae mfuko wa pembeni.

Anko, babu yangu anasema zamani hakukuwa na matapeli, watu waliaminiana, haya yameletwa na simu na mjini. Ni kweli?

Mwambie babu namheshimu ila hapana. Mwaka 1849 kule New York kulikuwa na bwana anaitwa William Thompson, amevaa vizuri, anakusogelea barabarani kama mnafahamiana, mnapiga stori, mwisho anakuuliza hivi wewe unaniamini kiasi cha kuniachia saa yako mpaka kesho? Na watu wanaona aibu kusema hapana, wanavua saa wanampa, anaondoka nayo anacheka. Hana kisu, hana dawa, hana simu. Alikamatwa mwezi Julai mwaka huo kwa sababu mmoja wa aliowaliza alikutana naye barabarani akamuitia askari. Na leo ukienda Paris pembeni ya mto Seine utakuta mtu anaokota pete ya "dhahabu" miguuni kwako, anakuuliza ni yako? na London darajani Westminster wapo wa vikombe vitatu na kimpira, ndugu zao kabisa na wale wa Manzese. Kijijini kwa babu hawakuwepo kwa sababu kule kila mtu anajua mtoto wa nani, tapeli anataka mahali ambapo kesho hamtakutana.

Anko, huyo tapeli aliyeniliza mwaka huu nimemuona kwa macho yangu jana pale Mbezi stendi ya Magufuli, anamfanyia mtu mwingine vile vile. Nilitetemeka nikashindwa kufanya kitu. Nikimuona tena nimuitie mwizi?

Hapana, na nakuomba sana. Unajua linalofuata ukipiga kelele ya mwizi stendi, wananchi wenye hasira kali hawaulizi ushahidi, wanatafuta tairi. Unaweza kumkosea mtu anayefanana naye, na hata ukiwa umepatia, hela yako hairudi kwa maiti na wewe utalala na hilo maisha yako yote. Pia hao hawatembei peke yao, wa kwanza kupiga kelele "mwizi ni huyu dada!" anaweza kuwa mwenzake anayekuonyesha wewe kidole.

Anayepigwa muokoe kwanza, na hiyo ni rahisi kuliko unavyofikiri, pita karibu mwite kama unamjua, "shangazi uko hapa, basi linaondoka, twende!" Atashangaa, atageuka, na ikishakatika ile pumzi ya haraka ameshapona, umweleze baadae. Halafu stendi ile ina polisi, nenda kaongee nao taratibu, ukiwa mbali piga 112, sema amevaa nini, yuko geti gani, wako wangapi. Usimfuate kichochoroni na usimpige picha ukiwa mbele yake. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo chake kinafika miaka saba, lakini askari akimkamata bila mlalamikaji, jioni anaachiwa. Kwa hiyo ile RB uliyochukua siku uliyolizwa itembee na wewe kwenye pochi, na kama hukuchukua, nenda kesho asubuhi, hakuna aliyekwambia umechelewa.